Nipe nikupe: kuanza kubadilishana pini Walt Disney World

"Kaka, tunaishi Dallas, na Desemba hii tunawapeleka watoto Walt Disney World, zile bustani za burudani za Orlando, Florida, kwa siku 4. Wa kwanza ana miaka 9, mdogo wake 6. Rafiki yao wa shule alirudi kutoka huko na kamba ya shingoni iliyojaa pini za Disney, zile beji ndogo za chuma zenye picha za katuni, na tangu siku hiyo nyumbani hakulaliki. Mtandaoni nimeona mtu anauza pini 50 kwa dola 30, wakati naambiwa dukani pini moja tu inapita dola 10. Ninunue za huyo wa mtandaoni? Na kubadilishana kwenyewe kunakwendaje? Sitaki wanangu waaibike mbele za watu, na sitaki kutupa hela." Mama wa wawili, Dallas.

Dada, jibu la swali la kwanza ni fupi: usinunue. La pili ni refu kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Tuanze na hesabu. Dola 30 ukigawa kwa pini 50 ni senti 60 kila moja. Kwa senti 60 hupati hata chupa ya maji pale Orlando, sembuse kipande cha chuma kilichotiwa rangi kwa mkono au mashine na kulipiwa haki ya kumtumia Mickey. Hizo ni feki. Wakusanyaji wanaziita kwa Kiingereza "scrappers", jina ambalo Mswahili akilisikia anaelewa papo hapo, maana linatoka shina moja na skrepa yetu ya chuma chakavu.

Zinapatikanaje? Pini hutengenezwa kwa kalibu. Chuma hugongwa au kumiminwa kwenye kalibu, mistari ya picha inabaki imeinuka kama kuta ndogo, na vijumba vilivyo katikati ya kuta hizo hujazwa rangi ya enameli. Kampuni inaagiza idadi fulani, inapelekewa, basi. Lakini kalibu inabaki kiwandani, na kalibu haijui kwamba oda imeisha. Nyingine ni zile zilizokataliwa kwenye ukaguzi zikatakiwa kutupwa, zikatokea mlango wa nyuma. Nyingine hazikutoka hata kwenye kalibu halisi. Mtu kachukua pini moja ya dukani akaigiza. Zote huishia kwenye mfuko mmoja wa nailoni, 50 kwa dola 30.

Nasema hivi kwa sababu niliingizwa mjini mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mfuko wa pini 100 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikajiona mjanja. Zilipofika nikazimwaga mezani. Pini zile zile zilikuwa zinajirudia, nne nne, tano tano. Donald mmoja hana jicho, mwingine rangi ya chungwa ya mdomo imemwagikia shavuni, na kingo zinakwaruza kama mfuniko wa kopo la samaki. Mke wangu alizitazama kwa muda, akaniuliza kama tumeanza biashara ya vyuma chakavu. Zipo bado, nazitumia kuwafundishia watu.

Ukitaka kujifunza kuzitambua, shika pini na upitishe kidole ukingoni. Halisi huwa imelainishwa. Feki mara nyingi ina vijimeno. Kisha iinamishe kwenye mwanga. Rangi iwe imejaa sawasawa ndani ya vijumba vyake, isizame katikati kama uji uliopoa, wala isiwe na vishimo kama vya sindano. Ipime mkononi kando ya pini uliyonunua dukani mwenyewe, feki nyingi ni nyepesi. Mwisho igeuze. Mgongoni lazima iwe na alama ya haki miliki ya Disney, lakini kuwepo kwa alama si ushahidi, maana anayeiga picha ya mbele hashindwi kuiga maandishi ya nyuma. Pini nyingi za miaka ya karibuni zina nakshi ya vichwa vidogo vya Mickey mgongoni. Kwenye halisi, nakshi hiyo kwa kawaida hukimbia mpaka ukingoni ikakatwa hapo hapo, ilhali kwenye feki nyingi utaona imezungushiwa fremu. Hiyo ni dalili, si hukumu. Zipo pini za zamani zisizo na nakshi hiyo mgongoni na ni halali.

Nisikufiche jambo: ukienda na hizo feki, zitapita. Mfanyakazi wa Disney, ambaye ndiye watoto watabadilishana naye, hana kazi ya kukagua kama afisa wa forodha. Pini ikiwa ya chuma, ina alama mgongoni na haijavunjika, ataipokea kwa tabasamu. Ndiyo maana mbao za kubadilishia pini zilizoko madukani siku hizi zimechakachuliwa. Wengi waliwaza kama huyo muuzaji wako anavyotaka uwaze: nitoe ya senti 60, nichukue ya dola 12. Matokeo yake mtoto anayekuja na pini halisi aliyonunuliwa na bibi yake anaondoka na skrepa. Wanao nao wataambulia feki mbili tatu kutoka kwenye mbao hizo, na mtoto wa miaka 6 akimpenda yule katuni Stitch aliyempata, hata kama ukingo unakwaruza, mwachie Stitch wake. Wewe usiwe tu uliyemleta.

Sasa kubadilishana kwenyewe.

Mchezo huu asili yake si Disney, ni Olimpiki. Kwenye michezo ya Athens ya mwaka 1896 watu walivaa beji za kadibodi kuonyesha nani ni mwanamichezo, nani ni mwamuzi, nani ni mwandishi wa habari. Baadaye beji zikawa za chuma, timu zikaanza kupeana kama ishara ya urafiki, na kufikia Lake Placid 1980 na Los Angeles 1984 mashabiki wa kawaida nao walikuwa wamevamia uwanja. Disney waliichukua desturi hiyo Oktoba 1999, walipofungua sherehe zao za kupokea mwaka 2000 pale Walt Disney World, kisha ikasambaa mpaka California, Paris na Hong Kong. Sherehe ziliisha, mchezo ukabaki.

Kama ulicheza gololi utotoni, tayari unajua roho yake. Nami nilikulia Tanga, ambako gololi moja ya maziwa iliweza kusimamisha mchezo mzima. Tofauti ni kwamba hapa upande wa pili ni mtu mzima mwenye sare, na amekatazwa kukukatalia.

Huo ndio uzuri wake kwa watoto. Wafanyakazi kadhaa hutembea na pini kwenye kamba ya shingoni au kwenye kipande cha ngozi kiunoni. Maduka mengi na mapokezi ya hoteli za Disney huwa na ubao au kitabu cha pini, pengine kimewekwa chini ya kaunta mpaka uombe. Mwanao anakwenda, anasalimia, anaomba kuziona. Hagusi. Hili mkazie mwanao kabla hamjapanda ndege: pini iliyo kifuani mwa mtu haishikwi, inaonyeshwa kwa kidole. Akichagua, anachomoa yake, anairudishia kizibo chake cha nyuma ili sindano isimchome mtu, anaikabidhi mkono kwa mkono. Moja kwa moja, si mbili kwa moja. Kwa mfanyakazi mmoja mwisho ni pini mbili kwa siku. Hela haiingii kabisa hapo katikati. Pini anayotoa isifanane na ambayo tayari iko kwenye kamba ya mfanyakazi, na beji ya jina la mfanyakazi haibadilishwi, hata mtoto alie vipi. Za plastiki hazipokelewi, wala za vishikizo vya bruchi.

Kuhusu kuaibika, ondoa shaka. Nimeona mtoto akisimama mbele ya mfanyakazi dakika nzima bila kutoa neno, na yule dada akapiga magoti akaanza kumweleza pini zake moja moja mpaka ulimi ukafunguka. Aibu huwapata watu wazima, hasa wanaobishana. Wewe simama nyuma hatua tatu umwache mtoto aseme mwenyewe. Mzazi akianza kunong'ona "chukua ile, chukua ile", mchezo umekwisha, imekuwa biashara ya mama.

Ununue nini basi? Dukani pini moja ya kawaida, ambayo hutengenezwa bila kikomo cha idadi, kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 20. Ukizinunua moja moja kwa ajili ya kubadilisha utalia. Tafuta pakiti zenye pini nne, tano au zaidi, zilizotengenezwa makusudi kwa wanaoanza. Ukigawanya bei, kila pini inashuka sana, na ni halisi. Kuna pia seti zinazokuja na kamba ya shingoni ndani yake. Kwa watoto wawili, pakiti mbili zinatosha, na kamba mbili za bei yoyote. Kamba haibadilishwi, kwa hiyo hata ile ya kitambulisho cha kazini itafaa. Mkiwa na gari, Orlando kuna maduka ya Disney yanayouza bidhaa zilizobaki kwa bei iliyopunguzwa, yanaitwa Character Warehouse, ndani ya majengo ya Premium Outlets. Ukibahatika kukuta pini hapo, ndipo pa kupata bei chee bila dhambi. Mzigo wao hubadilika, kwa hiyo usikate tamaa ukikuta siku hiyo ni sahani na fulana tu.

Kitu kimoja usikisahau, maana wageni ndipo wanapohesabu vibaya. Pini hazipungui. Mtoto akianza na tano, anamaliza na tano. Kwa hiyo huhitaji 50. Pini tano zinaweza kuzunguka siku nne nzima, zikabadilika sura mara ishirini.

Kisha kila mtoto mnunulie pini moja anayoichagua mwenyewe, ya kukaa nayo. Hiyo haiingii sokoni. Mwekee juu kabisa ya kamba au nyuma ya shingo, na mkubaliane kabla kwamba haitolewi hata kwa machozi. Bila makubaliano hayo, mdogo atabadilisha pini ya dola 18 asubuhi, na saa nane mchana atakuwa anaitafuta.

Hapa niseme kidogo juu ya thamani, maana huyu wa miaka 9 atakuuliza. Ubao haujui bei. Mfanyakazi hatazami kama pini yako ni ya kawaida au imetengenezwa chache, kwake ni moja kwa moja. Hilo linakata pande mbili. Unaweza kutoa ya kawaida kabisa ukachukua kitu ambacho watu wanakitafuta. Na mwanao anaweza kutoa pini iliyoandikwa mgongoni kwamba zilitengenezwa 3,000 tu, akachukua kipande cha skrepa chenye sura ya Goofy. Kwa hiyo pini yoyote yenye maandishi ya idadi mgongoni, itoe kwenye kamba ya kubadilisha. Hiyo ni ya kubadilishana na mkusanyaji mwenzako, au ya nyumbani.

Kuna kundi jingine ambalo watoto hulipenda sana: pini zenye kichwa kidogo cha Mickey kilichofichwa mahali kwenye picha, wakati mwingine kama nukta tatu tu za rangi ya fedha. Zilianza kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili wafanyakazi wawe na kitu ambacho dukani hakipo, na zimekuwa zikitoka kwa seti, kwa hiyo akipata moja anaanza kutafuta ndugu zake. Mwanao wa kwanza atazipenda. Hizi hizi pia ndizo zinazoigwa zaidi ya zote, na hata wazoefu hubishana juu yake. Nisingempa mtoto lenzi na kumgeuza mkaguzi. Mfundishe ile ya kidole ukingoni, basi.

Kisha kuna masanduku ya siri. Ni mawili, na yasichanganywe. La kwanza linauzwa dukani: pakiti iliyofungwa, hujui ndani kuna nani, na mtengenezaji ameweka moja au mbili adimu katika seti ili urudi ununue tena. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe bei yake haina huruma. Nawajua watu wazima wenye kazi nzuri waliolamba galasa hapo wakarudi kesho yake. Labda moja, kama zawadi ya siku ya mwisho. La pili ni tamu na halina gharama: baadhi ya maduka yana sanduku lenye vidirisha vya namba. Mtoto anataja namba, dirisha linafunguliwa, anatoa pini yake na kuchukua iliyomo. Kwa mtoto wa miaka 6 hakuna kitu kinachoshinda hicho.

Nimeulizwa na wengine waanzie wapi kati ya bustani nne za pale. Kwa familia ya Waswahili mimi sina haja ya kufikiri: Animal Kingdom. Ilifunguliwa Aprili 22, 1998, na katikati ya sehemu yake ya Afrika kuna kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe, harambee iliyodondosha herufi moja njiani. Waliokibuni walitazama miji ya pwani yetu, Lamu hasa: kuta za chokaa zilizobanduka, milango ya mbao, vibao vilivyoandikwa Kiswahili. Watoto watakunywa kitu kwenye kibanda cha Tamu Tamu, watapita Mombasa Marketplace, watapanda gari la Kilimanjaro Safaris na kusalimiwa "Jambo" na kijana wa Florida asiyejua kwamba nyumbani tunaitikia. Wengine hukasirika. Mimi hucheka, halafu nanunua pini. Pini yenye jina la Kilimanjaro, kifuani mwa mtoto aliyezaliwa Texas, inanipendeza kuliko binti mfalme yeyote.

Hoteli ya karibu, Animal Kingdom Lodge, nayo ina majengo mawili, Jambo House na Kidani Village, na duka linaitwa Zawadi Marketplace. Si lazima mlale pale, kuna basi kutoka bustanini. Nendeni alasiri, mtazame twiga kutoka kwenye baraza za kutazamia wanyama, muulize mapokezi kama wana ubao wa pini. Hotelini hakuna foleni ya kukimbilia popote, na mfanyakazi ana muda wa kumsikiliza mtoto. Beji ya kila mfanyakazi huandikwa jina na mahali anapotoka; wafundishe watoto kusoma huo mstari wa chini. Kuna siku unaweza kukutana na wa nyumbani.

Desemba patajaa, hasa bustani ya Magic Kingdom. Fanyeni pini asubuhi mapema au mkiwa mnangoja chakula, si saa ambayo kila mtu anakimbilia gwaride.

Neno moja la tahadhari, kisha nikuache. Mtaona watu wazima wamekaa kwenye benchi na mabegi ya pini yanayofunguka kama vitabu. Wengi ni watu wema kabisa, na wana mambo ya kufundisha. Lakini hao si wafanyakazi. Kanuni ya kutokukataliwa haiwahusu, na macho yao ni ya kidalali. Mmoja akiinama kwa mwanao na kusema atampa mbili kwa ile moja nzuri, ujue anajua kitu ambacho mtoto hajui. Waambie watoto kwamba kwa wenye sare wanakwenda wenyewe, kwa wengine wanakuja kukuita. Na kusema "hapana, asante" si utovu wa adabu, hata kwa mtu mzima. Watoto wetu tuliowalea kwa shikamoo wanahitaji kuambiwa hilo waziwazi.

Vizibo vya nyuma vya mpira vinadondoka. Kwenye magari ya burudani yanayotikisika vinadondoka zaidi, na pini inafuata. Kabla ya kupanda chochote cha kasi, kamba iingie kwenye begi. Ile pini ya kukaa nayo inunulie kizibo cha kufunga kwa skrubu. Ni kitu kidogo tu, kinakaza sindano isichomoke. Chukua na vizibo vya akiba vitano sita mfukoni mwako, vitakuokoa.

Na huyo muuzaji wa pini 50, akikufuata na bei ya dola 25, mjibu kwamba mkeka umeshajaa.